Sato, mahindi na chokaa: Kigongo itapika nini baada ya feri?

Saa saba mchana basi linalotoka Mwanza kwenda Geita linafika Kigongo, wilayani Misungwi, na kupanda daraja bila kupunguza mwendo. Dakika chache baadaye liko Busisi, upande wa Sengerema. Hakuna abiria aliyeshuka wala aliyeuliza bei ya samaki. Kabla ya Juni 19, 2025, siku Rais Samia Suluhu Hassan alipolizindua Daraja la J.P. Magufuli, basi hilohilo lingesimama hapa kusubiri kivuko. Abiria wangeshuka kunyoosha miguu, na kwa saa moja, mbili au zaidi wangekuwa wateja wa kila mwenye karai la mafuta ya moto, sufuria la mahindi ya kuchemsha au ndoo ya soda za baridi. Feri ilichelewesha watu, na ule ucheleweshaji ndio uliokuwa mtaji wa soko zima.

Daraja lina urefu wa kilomita tatu na limegharimu zaidi ya Sh700 bilioni. Hakuna mtu mwenye nia njema anayetaka turudi kwenye foleni, hasa akikumbuka wagonjwa waliokuwa wakipelekwa Hospitali ya Bugando, Mwanza, na kukuta kivuko kimeshaondoka. Lakini faida ya wengi haifuti swali la wachache waliokuwa wakiishi kwa kusubiri kwa wengine. Mteja wa zamani wa Kigongo alikula kwa sababu alikuwa hapo na hakuwa na pa kwenda. Mteja wa sasa atasimama akitaka mwenyewe. Akiwa ametoka Mwanza, kilomita thelathini na kitu nyuma yake, ameacha sato wa kukaanga kila kona ya jiji. Akiwa anatoka Geita, jiji liko mbele yake. Kumwambia asimame Kigongo kula chakula kilekile anachoweza kula kwingine ni kumwomba hisani, na biashara haiendeshwi kwa hisani.

Pendekezo la makala haya ni kwamba Kigongo ijaribu chakula cha mchana kinachochanganya upishi wa Ziwa Victoria na upishi wa Mexico: chapati ndogo za mahindi zilizokunjwa juu ya samaki wa ziwa, kabichi, maharage, parachichi na pilipili. Wengi watalisikia kama jambo la mitindo, la migahawa ya Westlands, Nairobi, au Masaki, Dar es Salaam. Ukilichunguza kwa makini utaona kwamba nusu kubwa ya kazi hiyo ilishafanyika zamani sana, na nusu iliyobaki ni ufundi ambao ungetufaa hata kama daraja lisingejengwa.

Mexico iliyo tayari jikoni

Angalia kinachopikwa kwa mama lishe yeyote kando ya barabara ya Usagara hadi Sengerema. Ugali unatokana na mahindi, zao ambalo wakulima wa kusini mwa Mexico, katika bonde la Mto Balsas, walianza kulistawisha kutoka kwenye nyasi ya porini takriban miaka 9,000 iliyopita. Maharage yalianza kulimwa Mexico na pia katika milima ya Andes. Nyanya mmea wake wa porini ni wa Amerika Kusini, lakini waliougeuza kuwa zao la jikoni ni watu wa Mexico. Pilipili na parachichi ni za huko, na maboga tuliyozoea mengi chimbuko lake ni huko pia. Ukivuka ziwa kwenda Kagera, vanila inayolimwa Bukoba nayo ni ya misitu ya Mexico. Hata mkonge ulioletwa Tanga mwaka 1893, ambao kamba zake zilifunga mizigo ya nchi hii kwa vizazi, asili yake ni kusini mwa Mexico. Mengi ya mazao hayo yalifika Afrika Mashariki baada ya Wareno kuanza kusafiri kati ya mabara katika karne ya 16, yakaingia bara polepole, na Usukumani yakakutana na mtama na uwele, ambao ndio uliokuwa ugali wa wazee.

Anayedhani samaki angalau ni mwenyeji atashangaa zaidi. Sato tunayemla leo si wa asili ya ziwa hili; alipandikizwa miaka ya 1950. Sangara naye aliingizwa kati ya miaka hiyo na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawala furu wa mamia ya aina hadi wengi wao wakatoweka. Mwenyeji halisi wa ziwa ni ngege, ambaye siku hizi ni adimu, pamoja na dagaa na furu waliosalia. Kwa hiyo mlo unaoitwa wa asili wa Kanda ya Ziwa, yaani ugali wa mahindi, sato, nyanya ya kuunga na pilipili pembeni, umekamilika katika umbo lake la leo ndani ya maisha ya babu zetu, na karibu kila kilichomo kilivuka bahari au kilimwagwa ziwani kwa ndoo.

> Mlo unaoitwa wa asili wa Kanda ya Ziwa umekamilika ndani ya maisha ya babu zetu.

Hilo halipunguzi hadhi yake. Chakula kinakuwa chetu kwa kupikwa na kuliwa, na Msukuma wa leo ana haki kamili ya kuuita ugali wa mahindi chakula chake. Ila mtu akisema kuchanganya upishi wa ziwa na wa Mexico ni kuleta ugeni, inabidi aeleze ugeni huo unaanzia wapi. Kachumbari ya kwetu ni nyanya mbichi, kitunguu, pilipili, ndimu na, kwa wanaopenda, majani ya giligilani. Mexico wanakata vitu hivyohivyo, kwa namna hiyohiyo, na kuviweka mezani kando ya nyama na samaki. Ndimu, vitunguu na giligilani walivipata kwa Wahispania. Nyanya na pilipili sisi tulizipata kutoka kwao. Mikono miwili isiyojuana ilifika kwenye bakuli moja.

Mbegu ilikuja, ufundi ukabaki

Hata hivyo tulichopokea kilikuwa mbegu tu. Ujuzi wa waliokuwa wameishi na mbegu hiyo kwa maelfu ya miaka ulibaki ng'ambo, na hapa ndipo penye uzito wa hoja nzima. Mexico hawasagi mahindi makavu moja kwa moja kama sisi. Wanayachemsha kwenye maji yenye chokaa, wanayaacha yalowe usiku kucha, wanayaosha ganda litoke, kisha wanayasaga yakiwa bado mabichi-mabichi na kupata donge laini linaloshikamana. Donge hilo ndilo linalobanwa na kuokwa juu ya kikaango kikavu likawa tortila, ile chapati nyembamba ya mahindi inayobeba kila kitu. Unga wetu wa sembe hauwezi kazi hiyo. Ukijaribu, chapati inapasuka ukiikunja. Chokaa ndiyo inayobadilisha mahindi yenyewe.

Na haibadilishi mshikamano tu. Mahindi yana vitamini aina ya niasini, lakini imefungwa kwa namna ambayo mwili hauwezi kuichukua; chokaa huifungua. Ulaya ilipopokea mahindi bila chokaa, watu maskini walioishi kwa uji wa mahindi peke yake walipata pelagra, ugonjwa unaochubua ngozi, unaoharisha na hatimaye kuvuruga akili. Gaspar Casal aliuelezea Hispania mwaka 1735. Italia ya kaskazini iliteseka nao kwa muda mrefu, na majimbo ya kusini mwa Marekani yalizika maelfu ya watu kila mwaka mwanzoni mwa karne ya 20, hadi utafiti wa daktari Joseph Goldberger ulipoonyesha kuwa chanzo ni lishe na wala si maambukizi. Karibu na kwetu, mwaka 1990, zaidi ya wakimbizi 17,000 wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua pelagra baada ya karanga kukosekana kwenye mgawo wao wa chakula na kubakia mahindi. Wakati huohuo Mexico, nchi inayokula mahindi kuliko karibu nchi nyingine yoyote, haikuwahi kuwa na janga la ukubwa huo.

Haitakuwa kweli kudai kwamba watu wa Misungwi wanaugua kwa kukosa chokaa. Mla ugali kwa dagaa, karanga au maharage anapata kinga yake humo. Lakini zipo nyumba ambazo miezi ya njaa mboga hupungua na ugali ukabaki, na zipo shule ambazo chakula cha mchana ni uji mtupu. Kuna pia suala la sumukuvu. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa kula nafaka zilizochafuliwa na sumu hiyo inayotokana na fangasi, na kuchemsha mahindi kwa chokaa kisha kuyaosha kunajulikana kupunguza sehemu ya sumu hiyo. Kunapunguza tu: mahindi yaliyooza hayawi salama kwa kutiwa chokaa, na dawa ya kwanza inabaki kuwa kukausha na kuhifadhi vizuri. Ila njia ya upishi yenye manufaa yote hayo kwa wakati mmoja si jambo la kupita nalo pembeni kwa sababu tu limefika likiwa limevaa jina la mgahawa.

> Njia hii ya upishi ingetufaa hata kama daraja lisingejengwa.

Wala wazo lenyewe si geni kabisa kwa mpishi wa hapa. Anayechemsha makande kwa magadi ili yaive upesi anajua kwamba kitu cha aina ya majivu hulegeza ganda la punje. Kilichokosekana ni hatua ya pili: kuloweka usiku, kuosha na kusaga.

Ziwa kwa ziwa

Mwaka 2010 UNESCO iliuingiza upishi wa jadi wa Mexico kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na mfano uliotolewa ulikuwa upishi wa jimbo la Michoacán. Jimbo hilo lina ziwa, Pátzcuaro, na ziwa hilo lina samaki wadogo wanaoitwa charales. Wanaanikwa juani au kukaangwa wakauke, wananyunyiziwa ndimu na pilipili, na wanaliwa wazima ndani ya tortila. Mkazi wa Kigongo hahitaji kuelezwa zaidi. Dagaa wa Mwanza, ambao huuzwa kwa kisado na kusafirishwa hadi Kongo, ni chakula kilekile kasoro tortila, na hapa bado wengi wanawahesabu kama mboga ya asiye na uwezo. Pátzcuaro wanawapa wageni.

Kwenye pwani ya Baja California, mji wa Ensenada umejijengea jina kwa mlo mmoja wa barabarani: kipande cha samaki kilichokaangwa kwenye unga mzito, kikawekwa ndani ya taco, yaani tortila iliyokunjwa, pamoja na kabichi iliyokatwa nyembamba, kachumbari na mchuzi mweupe. Watu huendesha gari kutoka mbali, wengine wakivuka mpaka kutoka Marekani, kwenda kula kitu hicho wakiwa wamesimama kwenye kibanda. Mafuta ya kukaangia, samaki, kabichi, nyanya na ndimu vyote vipo Kigongo. Mlo huo hauhitaji sahani, kijiko wala kunawa mara mbili, na dereva mwenye haraka anaweza kuondoka nao mkononi. Sato mzima mwenye miba na ugali wa moto haviwezekani kuliwa basi likiwa mwendoni. Kwa eneo lililopoteza wateja wanaokaa na linalotafuta wateja wanaopita, tofauti hiyo ni ya msingi.

Wanaokataa, na hoja zao

Upinzani wa kwanza ni wa heshima na unastahili jibu la heshima. Wapo wanaosema kwamba vijana wameshaacha michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na ugali wa mtama, na kila mtindo mpya unaoletwa unasukuma vya zamani mbali zaidi. Hofu hiyo ina ushahidi. Lakini vyakula hivyo havikusukumwa na taco. Vilisukumwa na sembe, chipsi na mkate mweupe, vitu ambavyo viliingia bila mtu yeyote kukaa chini na kujiuliza viungane vipi na vilivyokuwepo. Mchanganyiko unaofikiriwa ni kinyume cha hayo. Mtama unaweza kuchanganywa kwenye donge la mahindi ya chokaa, matobolwa yaliyolowekwa na kupondwa yanaweza kujaza taco mahali pa viazi, na mlenda mkavu unaweza kurudi mezani kama kiungo badala ya kusubiri msiba au ugeni wa bibi.

Ukanda huu umeshaona mchanganyiko ukifanikiwa. Kampala walichukua chapati ya Kihindi, wakaikunja juu ya mayai na kabichi, wakaiita rolex, na leo ni chakula cha taifa zima kinachouzwa na kijana mwenye jiko moja na mwamvuli. Forodhani, Zanzibar, wanapika mlo unaoitwa pizza ambao haufanani na pizza ya Italia, na hakuna Mzanzibari anayeuonea haya. Chipsi mayai ilizaliwa kwetu kwa njia hiyohiyo. Mexico yenyewe imefika ilipo kwa kupokea: wahamiaji kutoka Mashariki ya Kati waliofika Puebla walileta nyama ya kuzungushwa motoni, kama ile ya shawarma tunayoijua, na kufikia miaka ya 1930 ilikuwa imeanza kugeuka. Baadaye nyama ya kondoo ikapisha ya nguruwe, mkate wa ngano ukapisha tortila, na kilichotoka ni taco inayopendwa kuliko nyingi nchini humo. Waliofanya hivyo hawakupoteza chakula chao.

Wengine wanasema watu wa Kanda ya Ziwa hawapendi ukali. Ni kweli, na haina shida: hata Mexico ukali mwingi hukaa kwenye bakuli la pembeni, kila mtu akajipakulia kwa kadiri ya ulimi wake.

Upinzani mzito zaidi ni wa tatu. Migahawa ya mchanganyiko, wanasema, ni ya wenye fedha. Atakuja mwekezaji, atakodi eneo zuri karibu na daraja, ataagiza tortila za pakiti na jibini kutoka nje, atauza kwa bei ya watalii, na mama lishe aliyepoteza wateja wa feri atapoteza na kiwanja. Hatari hiyo ni ya kweli, na historia ya ziwa inaifundisha. Viwanda vya minofu ya sangara vya Mwanza vilipostawi tangu miaka ya 1990, minofu ilikwenda Ulaya na wenyeji wakabaki kununua mapanki, vichwa na mifupa iliyoachwa na kisu. Ziwa lilikuwa letu na sehemu bora ya samaki ikawa ya mwingine. Mgahawa wa Kigongo ukifuata mkondo huo, ni afadhali usiwepo.

> Atakayejifunza kuloweka mahindi kwa chokaa awe mama lishe aliyekuwa akikaanga sato kwenye feri.

Ndiyo maana hoja ya chokaa ina uzito kuliko hoja ya jina la mgahawa. Tortila ya pakiti inamfanya mama lishe kuwa mteja wa mwagizaji. Tortila ya mahindi ya Misungwi, iliyolowekwa nyumbani usiku na kusagwa asubuhi, inamfanya kuwa mwenye bidhaa. Gharama yake kubwa ni kazi ya mikono na mahindi, vitu ambavyo tayari anavyo. Jibini halihitajiki; parachichi lililopondwa na chumvi na ndimu linatoa ule mteremko wa mafuta ambao kinywa kinautafuta, na Tanzania inalima parachichi za kutosha kiasi cha kuziuza India na China. Maharage ya kupondwa yanaleta shibe kwa bei ya chini. Sato wa vizimba, ufugaji uliopewa msukumo Mwanza Januari 2024 serikali ilipokabidhi vizimba na boti za mkopo, ana ukubwa unaotabirika, na kwa anayeuza kwa kipande hilo ni jambo kubwa: kila taco inapata samaki sawa na bei haipandi na kushuka kwa mawimbi.

Kinachohitajika kabla ya kuwasha jiko

Pamoja na hayo yote, kuna mambo ambayo yakikosewa yataua wazo hili wiki ya kwanza. Chokaa iwe ya chakula. Ile ya kupaka ukuta huweza kuwa na uchafu wa madini yenye madhara, na isitumike hata kwa majaribio. Kabichi na kachumbari huliwa mbichi, na ukanda wa ziwa unakijua kipindupindu vizuri. Maji ya kuoshea yawe yamechemshwa au kutiwa dawa, na bwana afya akague hilo kabla ya kukagua rangi ya meza. Kwa wasio na muda wa kuloweka, chapati ya ngano ni mwanzo halali, kwa kuwa kaskazini mwa Mexico nako hukunja maharage na nyama ndani ya mkate wa ngano. Lakini isiwe mwisho, maana faida ya chokaa haimo humo.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote ni kinu. Mashine zetu za kukoboa na kusaga zimetengenezwa kwa mahindi makavu. Ukiingiza mahindi yaliyolowa zinaziba. Mexico wana vinu vya mtaani vya mawe vinavyosaga donge bichi, na kila alfajiri watu hupanga foleni na ndoo zao. Kinu kidogo cha mezani, cha mkono, cha kusagia nafaka mbichi kinamtosha mpishi mmoja anayeuza taco chache kwa siku, lakini hakitoshi kikundi. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) limeshatengeneza mashine za karanga, za mihogo na za alizeti kwa wajasiriamali wadogo. Kinu cha mahindi mabichi hakizidi uwezo wa mafundi wake. Kikundi cha kina mama wa Kigongo kinaweza kukiombea fedha kwenye mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambayo ipo kisheria kwa ajili ya shughuli kama hizi.

Halmashauri ya Misungwi nayo ina sehemu yake, na haihusu mapishi hata kidogo. Gari haliwezi kusimama kwenye daraja wala kwenye mlango wake. Bila eneo la maegesho lililopimwa kabla ya kupanda daraja, lenye choo, maji ya bomba na vibanda vinavyotengwa kwanza kwa waliokuwa wakiuza kwenye feri, hata taco tamu kuliko za Ensenada itaishia kupitwa kwa mwendo wa kilomita themanini kwa saa. Eneo hilo linahitaji kutengwa mapema, kabla viwanja vya barabarani havijapanda bei na kuishia mikononi mwa wasiowahi kukaanga samaki Kigongo.